Waya wa Tatu

Fundi wa mtandao wa hospitali aliogopa sana mawasiliano kukatika. Kila swichi ya wodini, kisanduku kinachogawa mtandao kwa kompyuta, aliiunganisha na swichi kuu zote mbili, ili moja ikifa nyingine ibebe. Kisha, kwa kuzidisha tahadhari, akavuta waya wa tatu kati ya wodi na wodi. Papo hapo kompyuta zote zikaganda. Akampigia dada yake aliyemfundisha kazi.

“Dada, njia nimeongeza, mbona hakipiti kitu?”

“Mwongozo wa mtandao huo unaruhusu wodi kwa wodi?”

“Unakataza.”

“Sasa ulimsikiliza nani? Njia za swichi kuu zimepangwa zisizungushe ujumbe; kwa waya wako unazunguka humo humo na kuongezeka. Chomoa!”

Akachomoa. Kompyuta zikarudi, watu wa famasi ya hospitali wakashangilia. Fundi alikuwa bado anajikuna kichwa: njia moja ya ziada imezibaje zote?