Kampuni ya Kimataifa ya Sebuleni kwa Dada

Nimewahi kuona kampuni ya kimataifa ikinyimwa mkopo kwa sababu ni kubwa mno. Makao yake makuu yalikuwa sebuleni kwa dada yangu.

Dada ni fundi cherehani. Shule moja ilimpa oda ya sare za wanafunzi wote, ila kwa cherehani yake moja asingemaliza. Bila mkopo wa kununua ya pili, oda inahamia kwa mwingine.

Mkopo ulitaka mpango wa biashara. Shemeji, mumewe, akadandia. Mtaani tunamwita Mkurugenzi, na hajawahi kuongoza hata foleni ya maji.

"Maelezo ya kampuni niachie mimi," akaniambia. "Wewe chapa tu."

Nikachapa: Tunashona sare za shule.

"Futa, unatuaibisha. Andika: kampuni kinara ya kimataifa inayotoa suluhisho jumuishi la mavazi."

"Kimataifa wapi, shemeji?"

"Nyuzi zinatoka nje, au hujui?"

Jamani.

Akajiweka mwanzilishi na mtendaji mkuu, mtu ambaye hata kutunga uzi kwenye sindano hawezi. Dada hakutajwa popote. Alikuwa pale pale anakunja upindo. Iliniuma sana.

Siku ya kuitwa kwenye mfuko wa mikopo tukaenda watatu. Shemeji kavaa suti, tai imemkaba.

Afisa mikopo, mama wa makamo, alisoma, akavua miwani.

"Mnafanya nini hasa?"

"Tunatoa suluhisho."

"La nini?"

"La... changamoto za mavazi."

"Baba, mfuko huu ni wa mafundi wadogo. Kampuni ya kimataifa haturuhusiwi kuikopesha."

Pozi likamwishia. Akaanza kubabaika eti hayo ni maneno tu, kampuni yenyewe ni cherehani moja. Maji yalishamwagika.

Nikamtazama dada nikidhani atalia. Wapi.

"Na ombi langu, mama?" akamuuliza afisa.

"Lako lilipita. Umeeleza unashona nini, unamshonea nani na umepungukiwa nini. Weka saini hapa."

Kumbe mwenzetu alishapeleka la kwake, kaandika kwa mkono wake mwenyewe.

Shemeji akachungulia karatasi. "Mimi nimeandikwa wapi?"

"Waliuliza wanaofanya kazi," dada akajibu, akaendelea kusaini.

Ndugu zangu mnaoandika maelezo ya kampuni, tajeni kazi na mtu anayeifanya. Ukubwa wa kutunga hata mkopo haupati.