Joto la Bani

Kwetu Inyonga mafua yalikuja na mvua za tumbaku, na hakuna aliyeyaogopa. Mtu alipenga kamasi, akanywa uji wa moto, akaenda zake shambani. Mafua yanaisha yenyewe, wakubwa walisema, na hadi leo naamini walisema kweli. Kilichotuponza ni haraka ya kutaka yaishe.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa darasa la tatu. Mama ndiye aliyeanza kupiga chafya, kisha mimi, kisha mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Wakati huo tumbaku yetu ilikuwa ndani ya bani, chumba kirefu cha udongo ambamo majani hukaushwa kwa moto wa magogo. Moto ule haulali. Ukizimika, majani yanakuwa meusi na jasho la mwaka mzima linakwenda bure.

Bingwa wa bani alikuwa bibi, mama yake baba. Akiweka kiganja ukutani alijua kama joto limezidi. Basi na tiba yake ikatoka hukohuko: mwenye mafua akae kwenye mdomo wa tanuru, maana joto linalokausha jani litakausha na kamasi. Mimi na mama tulikaa pale tukapona, kwa hiyo hatukuwa na cha kumbishia.

Mtoto naye akapelekwa. Mama alimpakata mbele ya tanuru, kafungwa blanketi, moshi ukiwazunguka. Kamasi zilikauka kweli, na bibi akatamba.

"Si mnaona? Nyie mnakimbilia vidonge tu."

Kesho yake mtoto alikataa kunyonya. Nilikuwa nimekaa karibu namenya karanga, nikasikia anapumua harakaharaka, kama mbwa aliyetoka kukimbia. Mama alifungua blanketi. Kila mtoto alipovuta pumzi, mbavu zake zilibonyea ndani.

"Mama, huyu simwelewi," mama alimwambia bibi. "Tumpeleke zahanati."

"Mafua hayo. Majani hayajakauka bado. Mume wako akiondoka, nani atapasua kuni?"

Baba aliweka shoka chini. Alitoa baiskeli, mama akapanda nyuma na mtoto, wakaenda. Mimi nilibaki na bibi tukisukuma magogo tanuruni. Aliweka kiganja ukutani mara kwa mara, lakini macho yake yalikuwa barabarani.

Walirudi jioni kwa miguu, baba akikokota baiskeli. Mama alikuwa amembeba mtoto mikononi, kamfunika hadi usoni. Zahanati waliambiwa ni nimonia, na kwamba wamechelewa.

"Anapumuaje?" bibi aliuliza, ingawa alikuwa ameshaona. Mama alimpita, akaingia ndani na mtoto.

Tumbaku ile ilitoka ya njano safi. Niliichukia. Mpaka leo nikipita penye harufu ya majani yanayokaushwa, ile pumzi hunijia masikioni. Wanangu wakipata mafua nawapa uji, nawapa maji ya kutosha, nawaacha walale. Lakini shati lazima nilifunue nitazame mbavu. Wananicheka, wanasema baba ana mambo.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mafua yalipompata, hakukubali kuketi hata jikoni. Alijifunika khanga yake, akakaa nje kwenye manyunyu, mbali na moto wote, akikohoa. Mama alimtazama kutoka mlangoni, na hakuwahi kumwita ndani.