Siku Bibi Alipochagua Nazi Jeddah

Wiki iliyopita kazi ilinitoa Riyadh ikanipeleka Jeddah, nami nikapata nafasi ya kupita kwenye soko la mji wa kale, lile lenye paa. Ukiingia tu, jua linabaki nje na harufu zinakupokea: iliki, zeituni za pipani, jibini ya chumvi, samaki wa asubuhi. Nilisimama pale nikawa na miaka minane tena.

Mwaka ule tulikuwa tukiishi hapa Jeddah, na bibi yangu alikuja kutoka Unguja kukaa nasi mpaka Idi. Sandukuni alileta mbuzi yake ya kukunia nazi, ameiviringisha kwenye kanga. Wiki haijaisha, akamwambia baba, "Mwanangu, nikatie tiketi. Nimechoka na wali mkavu." Nilijifungia chooni nikalia, maana nilikuwa nimemsubiri mwaka mzima. Mama akashauri apelekwe sokoni kwanza.

Sasa nikueleze, maana siku hizi wengi hatujui: nazi huchaguliwa kwa sikio. Unaitikisa taratibu, maji yakicheza ndani, ichukue. Ikiwa kimya, iache. Usijali ukikosea mara mbili tatu, sikio hujifunza. Bibi alitikisa moja moja, macho ameyafumba, na muuzaji, mzee wa Kiyemeni, akaangua kicheko.

"Anapiga simu kwao?" akamwuliza baba kwa Kiarabu.

Baba alipomtafsiria, bibi akajibu, "Mwambie ndiyo, na huko wanasema hii yake ilishakufa zamani."

Mzee hakukubali. Aliipasua nazi ile palepale, na harufu ya uozo ikaturudisha sote nyuma. "Halas, ya hajja," yaani basi, bibi, akasema, bado anacheka. "Chagua wewe."

Kabla hatujaondoka, mama mmoja wa Kiindonesia alikuwa amemletea bibi nazi mbili amsikilizie, na nyuma yake wamejipanga wengine. "Polepole, jamani, sina masikio kumi," bibi aliwaambia kwa Kiswahili, nao wakatulia kama waliomwelewa.

Njiani hakuna aliyetaja tiketi. Bibi alikaa mpaka Idi, akaongeza na mwezi juu, na kila Alhamisi alinishika mkono twende sokoni.

Zamani nilidhani ni wali wa nazi uliomzuia. Siku hizi nadhani ni zaidi ya wali. Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa akimfundisha: jiko linawashwa hivi, lifti inabonyezwa hapa. Hata mimi nilimfundisha. Sokoni mwenye kujua alikuwa yeye. Ukipata mgeni mzee, rafiki yangu, mtafutie mahali pa namna hiyo, utaona anavyochangamka.

Meza ya yule mzee sasa inauza tui la kopo. Nilichukua moja, nikasoma tarehe yake, nikalipa, nikatoka bila kusemezana na mtu.