Mama Chini ya Rangi Nyeupe

Katika nyumba ile ya Chelsea, Tamsin Orchard alikuwa na kazi mbili, na moja tu ndiyo iliyohesabiwa kuwa kazi. Asubuhi alisimama mbele ya mumewe, Gilbert, nywele amezifumua, akachorwa malkia au mtakatifu au msichana aliyekufa kwa mapenzi. Mchana, Gilbert alipotoka kwenda kunywa na wachoraji wenzake, Tamsin alitoa stoo ubao wake wa kuchorea na kuchora picha zake.

Alikuwa akimchora mama yake, mfuaji nguo, akikunja shuka uani. Mama alifariki majira ya baridi, na hakuwahi kupigwa picha hata siku moja. Uso wake ulikuwa umebaki kwenye ubao ule tu. Gilbert alikuwa ameuona ubao huo, akaahidi kuwa ungepelekwa kwenye maonyesho ya masika kwa mkokoteni mmoja na picha zake.

Kundi lile la wachoraji lilikuwa na desturi yake. Kila asubuhi mchoraji alipaka rangi nyeupe mbichi mahali padogo, upana wa kiganja, kisha akaweka rangi nyingine juu kabla haijakauka, ili picha ing'ae. Aliyeisaga nyeupe hiyo ni Tamsin. Wenzake Gilbert waliusifu weupe huo huku wakila nyama ya kondoo aliyoipika, wakamwita Malkia, wala hakuna aliyemuuliza yeye anachora nini.

Siku chache kabla ya maonyesho, tajiri mmoja mwenye kiwanda cha bia aliagiza picha ya malkia, tena ya haraka.

"Leo nisagie bakuli zima," Gilbert alisema.

"Bakuli? Unapaka ukuta?"

"Saga tu, mke wangu. Halafu simama pale dirishani, na usigeuke mpaka nikuambie."

Tamsin alisaga. Hilo ndilo lililomuuma maisha yake yote: alijua bakuli zima si desturi, na bado alisaga kwa mkono wake. Akasimama kiupande, akatazama mto, akasikia brashi pana ikipita nyuma ya bega lake.

Gilbert alipotoka kunawa mikono, Tamsin alikwenda stoo. Ubao haukuwepo. Akarudi mbio. Kwenye egemeo la kuchorea la mumewe, uso wake mwenyewe ulikuwa unaanza kuchomoza katikati ya weupe. Pembeni chini, brashi haikuwa imefika, na hapo vilionekana vidole viwili vya mama vikishika ncha ya shuka.

"Gilbert, huyu ni mama."

Akamjibu kwamba mbao nyingine zilikuwa hazijakauka, na kwamba ile yake ilikuwa mazoezi tu. "Utamchora mwingine, Tamsin."

"Mama mwingine nitampata wapi?"

Gilbert aliona haya kama mtoto aliyekutwa akidokoa jikoni. Kisha akashika brashi. "Rudi pale. Mwanga unaondoka."

Akarudi. Wapo watakaomlaumu, nami sitawajibu kwa niaba yake. Aliwaza kwamba picha ile ikiharibika, mama atakuwa amefunikwa bure. Lakini mwanamume anayekula jasho la mkewe na kuliita mapenzi ni mwizi, hata kama hakuna askari wa kumkamata.

Kwenye maonyesho watu walijazana mbele ya malkia yule. Walisema Gilbert Orchard ana kipaji cha kuwaza huzuni ya mwanamke, kwa maana macho yale yalikuwa ya kweli kabisa. Ncha ya shuka alikuwa ameigeuza pindo la gauni. Vidole havikuonekana tena.

Tamsin alisimama karibu na pindo lile. Bibi mmoja mwenye glavu za kijivu akamtazama, akaitazama picha, akamtazama tena.

"Ni wewe uliyechorwa hapa?"

"Mimi na mama yangu," Tamsin alijibu.

Bibi yule alimtafuta mtu wa pili kwenye picha, hakumwona. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyesikia mzaha asiouelewa, akapita.