Jina Tulilolitupa Shimoni

Tulipokuwa wadogo kule Bagara, bibi mzaa baba alitukataza mambo mengi, na mengi niliyavunja kabla jua halijazama. Moja tu ndilo lililonitisha: ukipita kwenye machimbo ya zamani, usitaje jina la mtu. Shimo lile, alisema, ukilitajia jina linamshika mwenyewe. Kwa hiyo tukienda kuokota kuni upande ule tuliitana "we mrefu", "we mwenye panga", huku tunacheka kwa woga.

Machimbo yalikuwa ya wakoloni, yaliyoachwa siku nyingi: nyumba za mawe zisizo na paa, mitambo iliyokula kutu, na shimo moja kubwa lililozibwa nusunusu kwa magogo.

Nilikuwa na miaka tisa baba alipotangaza kwamba anakwenda Mirerani kuchimba madini. Mbaazi zilikuwa zimekataa mwaka ule. Jamani, nilimpenda yule mtu! Nililia, nikasusa kula, nikamfichia viatu. Akacheka tu. Mama alikunja nguo za baba, akazikunjua, akazikunja tena.

Siku moja kabla ya safari nikajisemea: kama shimo linashika, basi limshike abaki. Nikakimbia peke yangu mpaka pale, nikainamia magogo, nikaita, "Boay! Boay! Boay!" Mtoto kumtaja baba yake kwa jina, tena kwa kupiga kelele! Shimo likanirudishia sauti yangu. Nikatoka mbio.

Baba akaondoka vilevile. Kabla mbaazi za mwaka uliofuata hazijachanua, shimo alilokuwa anachimba Mirerani likaporomoka, naye akabaki chini. Nyumba nzima ililia isipokuwa mimi. Nilimjua aliyemuua. Niliomba ashikwe, nikasahau kusema ashikiwe wapi.

Sijamwambia mtu. Ila tangu hapo sijui kutulia. Nimehamia Sigino, nikahamia Nakwa, nimeacha kazi nzuri bila sababu, na hata mezani nainuka kila dakika. Mama husema nimekalia siafu.

Mwaka huu machimbo yale ya Bagara yamekarabatiwa ili wageni wayatembelee. Mama, ambaye siku hizi hata kanisani anaenda kwa kubembelezwa, akasema, "Nipeleke nikaone." Nilitafuta visingizio mpaka vikaniishia.

Nyumba chache zimeezekwa mabati mekundu na kupakwa chokaa. Nyingine zimeachwa magofu, zimezungushiwa kamba. Shimo limefunikwa wavu wa chuma. Kijana anayetembeza wageni alituamkia vizuri, akatupeleka moja kwa moja pale.

"Hapa ndo penyewe, mama zangu. Iteni jina lolote, mtasikia linavyoitikia."

"Hatuiti!" nikamkata, hata nikaona aibu.

"Tuachie nafasi kidogo, mwanangu," mama akamwambia. Kijana akajisogeza pembeni.

Mama alishika wavu kwa mikono miwili. "Neema, mimi nilimwita baba yako hapa."

"Lini?"

"Siku mbili kabla hajaondoka. Nilikuja alfajiri, nikamwita kwa jina lake, mimi niliyemwita Baba Neema tangu uzaliwe. Nilitaka abaki." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nimekunyang'anya baba, mwanangu. Nisamehe."

Nikamshika mkono, na sauti ikatoka ya yule mtoto wa miaka tisa. "Na mimi, mama. Nilimwita mara tatu."

Alinitazama mpaka nikaogopa. "Ulikuwa mtoto," akasema.

"Na wewe ulikuwa na miaka mingapi?"

Akahesabu kwa vidole. "Ishirini na sita."

Binti yangu wa kwanza ana umri huohuo, na bado hunipigia simu kuniuliza wali umeungulia afanyeje.

Sijui kama shimo linasikia. Ninachojua ni kwamba mama na mimi tulilala chini ya paa moja miaka mingi, kila mmoja akimwogopa mwenzake kwa kosa lilelile, na kosa lenyewe ni kwamba tulimtaka mtu wetu abaki nyumbani.

Tulikaa kwenye benchi karibu na shimo, tukimtaja Boay kwa jina lake, alivyopenda kucheka, alivyovaa kofia kombo. Yule kijana alikuja mara mbili kutuchungulia, akatuacha. Jua likageuka, kivuli kikatuhama, mama akataka kwenda. Mimi ndiye niliyemwomba tukae kidogo tena.