Halwa ya Posa Iliyokwenda Rusayl

Bora nikuhadithieni mwenyewe, maana huko Ghubra, mjini Maskati, kisa hiki kinahadithiwa na kila anayekihadithia anakitia chumvi, na aibu yangu mimi haihitaji chumvi, ilivyo inatosha kabisa.

Mambo yalianzia tumboni mwangu. Kila nikirudi kazini nilikuwa najihisi mzito, tumbo limejaa, miguu imevimba, nikaenda kwa tabibu wa Kichina mwenye zahanati Ghubra. Akaniambia nitoe ulimi, akautazama kama fundi anavyotazama bomba linalovuja, kisha akanieleza kwa Kiarabu cha kuokoteza kuwa mwilini mwangu umetuama unyevu na hautoki. Dawa yake ni chakula: niache vitamu, maziwa na vya kukaanga, nile boga, kunde nyekundu na tangawizi, ninywe na maji ya shayiri yaliyochemshwa pamoja na nywele za mahindi. (Na katika mji kama Maskati, ambao kiangazi ukishuka tu garini miwani inaingia ukungu, nani angembishia?) Alisema pia nifanye kidogo kidogo, lakini hilo nililisikia kwa sikio moja.

Nikapata nafuu, na mimi nikipata nafuu basi nyumba nzima lazima ipone. Nikaanza kuwakagua watu ndimi. Mume wangu Said nikamkataza sambusa, na Mama, ambaye tunaishi naye hapa Amerat, ng'ambo ya mlima, pamoja na mdogo wangu Nasra, nikamkataza chai ya maziwa, akawa anajifungia nayo chumbani kama mvuta sigara.

Sasa huyo Nasra alikuwa ameposwa na kijana wa Ghubra. Wanaume walikwishazungumza, walibaki akina mama kuja kuchukua jibu. Na kwetu jibu la posa halisemwi, kwa sababu wazee wetu tangu wako Unguja waliona ni utovu wa adabu kumwambia mtu hapana usoni. Mgeni akiletewa halwa na kahawa, amekubaliwa. Akiletewa kingine chochote, anashukuru, anavaa viatu, anakwenda zake. Nasra alimpenda yule kijana hata alikuwa hali wala halali, na shughuli ya jikoni akanikabidhi mimi, dada yake, kwa kuwa aliniamini.

Halwa ikaletwa mchana, bakuli kubwa, samli inang'aa juu yake, nikaitazama nikaona unyevu mtupu. Nikasema moyoni, haya mambo ya halwa nani anayahesabu siku hizi, wageni nitawapa kitu cha kuwafaa miili yao. Kuitupa niliogopa (Mama angenilaani), basi nikaitia kwenye buti la gari la Said, aliyekuwa anakwenda zamu ya jioni kiwandani Rusayl, nikakusudia kumpigia akifika wenzake waile. Said akaondoka nayo bila habari.

Wakaja wageni, Bi Thuraya, mama wa kijana, mwanamke wa haiba anayenukia udi toka mlangoni, na dada yake Bi Zamzam. Mama akawakaribisha kwa furaha, nami nikaingia na sinia, juu yake birika la maji ya shayiri na sahani ya boga la kuchemsha. Bi Thuraya akaitazama sinia, kisha akatazama nyuma yangu kama kwamba kuna sinia nyengine inakuja. Haikuja. Kwa adabu akanywa, nikadhani amependa, nikamjazia tena, akanywa, nikamjazia, na Bi Zamzam vivyo hivyo. Bi Thuraya katika kufungua kinywa kunishukuru nikauona ulimi wake, na jamani, nilishindwa kujizuia.

"Mama yangu," nikamwambia, "ulimi wako una utando mweupe. Una unyevu mwingi sana."

Mama, ambaye uso ulikuwa umeshambadilika, akasema taratibu, "Zuwena, lete halwa."

"Haiko, Mama."

"Haiko vipi, na mie nimeiona kwa macho yangu?"

"Imekwenda Rusayl."

Bi Thuraya akakiweka kikombe chini. "Tushafahamu," akasema. "Ndoa ni nasibu. Mungu amjaalie Nasra kheri yake." Wakavaa viatu. Mama akawafuata mpaka garini akiapa kuwa halwa ilikuwepo, na kadiri alivyoapa ndivyo ilivyozidi kuonekana kuwa anawapoza tu.

Nilimkuta Nasra nyuma ya mlango wa jikoni amejikunja sakafuni, anasikia kila kitu. Hakunipigia kelele, na heri angenipigia. "Dada," akasema, "umenikatalia mume kwa shayiri." Niliumia, nikachukua simu nikampigia Said ageuze gari popote alipo, nikamwambia kilichomo kwenye buti, akacheka kwanza, halafu akasikia Nasra analia, akageuza.

Tumekaa hivyo, Mama hataki hata kunitazama, kengele ikalia. Nikafungua nikijua ni Said. Alikuwa Bi Thuraya, uso umemkaza, na nyuma yake Bi Zamzam amesimama miguu ameibana.

"Mwanangu," akasema, "msalani wapi?"

Nyote mnaijua ile barabara ya mlimani ya kutoka Amerat kwenda Ghubra, mawe huku na mawe huku, hakuna msikiti wala duka. Wamefika katikati ya mlima, shayiri na nywele za mahindi zikafanya kazi yake. (Tabibu hakunidanganya, unyevu unatoka.) Wakaingia mmoja choo hiki, mmoja kile, na wakakaa, hata Said akafika na bakuli na Mama akapata kupika kahawa.

Bi Thuraya alipotoka anajifuta mikono, Nasra, ambaye kwa desturi hakutakiwa hata kuonekana siku ile, alisimama mbele yake na macho mekundu, kashika lile bakuli.

"Jibu ndilo hili, mama," akamwambia. "Lile la mwanzo lilikuwa la dada."

Bi Thuraya akamtazama, akaitazama halwa, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Akala, akanywa kahawa yake, halafu akanigeukia mimi niliyejibanza pembeni natamani ardhi inimeze.

"Zuwena, hebu njoo. Toa ulimi."

Nikautoa. Akauwekea tonge kubwa la halwa, mbele ya watu wote, nikalimeza lote.

Wameoana, wanapendana, na siku ya harusi nilipewa kazi ya kupokea viatu mlangoni, mbali na jiko. Sitamkagua tena mtu ulimi hata aniombe. Shayiri bado nakunywa, maana inanifaa, lakini nakunywa peke yangu, na siku ninayoinywa siupandi ule mlima.