Kocha asiye na cheti

Jumanne nilikwenda chuo kimoja hapa Sumbawanga kwa shida za mjukuu wangu. Dirishani kwa karani nilimkuta kocha wao wa tenisi, yule aliyekuwa akilipwa kucheza nchi za watu. Umbea sikuufuata, ulinikuta kwenye foleni.

“Bila cheti cha kidato cha nne, kocha, kazi inaishia leo,” karani alisema.

“Dada, shule niliiacha ili nikacheze.”

Akakunja suruali, akamwonyesha goti lililojaa makovu ya upasuaji.

“Hilo halina muhuri,” karani akajibu bila kuinua macho.

Kocha akaishusha suruali, akanigeukia. “Shikamoo, mama.” Akatoka akichechemea.

Marahaba niliitikia akiwa keshatoka. Alipoiacha shule sisi majirani tulimsindikiza kwa vigelegele, na changu kilisikika hadi mtaa wa Malangali.